Kodi Ikijenga Kiwanja, Kiwanja Kiwe cha Wananchi

Tangu mwezi wa Septemba 2023, Shirikisho la Mpira wa Miguu la Afrika lilipozipa Tanzania, Kenya na Uganda heshima ya kuandaa kwa pamoja fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, habari za viwanja hazibanduki midomoni mwa wananchi. Huku kwetu Mwanza husikika kila mahali: sokoni Mwaloni miongoni mwa wauza dagaa, katika karakana za Igogo, ndani ya daladala za Buhongwa na Igoma, na hata barazani kwa wazee ambao hawajaingia kiwanjani kwa miaka ishirini. Nazo huja na swali moja: Arusha wamepewa kiwanja kipya, Dodoma wamepewa chao, je, sisi watu wa Ziwa tumekosa nini?

Swali hilo ni halali, nasi hatumlaumu anayeliuliza. Mwanza ni miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya nchi hii, na mapenzi ya watu wake kwa mpira hayahitaji shahidi. Lakini twaona kwamba liko swali jingine linalopasa kutangulia, nalo twaliweka leo mbele ya wanachama, wafanyakazi na viongozi bila kuficha neno. Kodi ya wananchi ikijenga kiwanja, au ikikikarabati, kiwanja hicho kitakuwa cha nani?

Tuanze na kodi yenyewe. Wako watu wengi wanaoisema Hazina kana kwamba ni kisima kinachojazwa na mvua. Sivyo. Mfanyakazi wa kiwanda cha minofu ya samaki hukatwa kodi katika mshahara wake kabla hajaushika mkononi. Mama anayeuza dagaa hulipa ushuru wa soko, na akienda dukani kununua sabuni hulipa kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, bila hata kutambua kwamba amelipa. Kodi ya maendeleo, ile iliyokuwa ikiwakimbiza watu vichakani mgambo walipotokea, ilifutwa mwaka 2003; lakini mtu asidhani kwamba tangu siku hiyo hatozwi. Kila anunuapo hutozwa. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho ndicho kinachojenga zahanati, ndicho kinachomlipa mwalimu, na ndicho kinachotakiwa sasa kijenge viwanja. Kwa hiyo anayesema Serikali itujengee, kwa hakika anasema tujijengee sisi wenyewe kwa mkono wa Serikali. Na mtu anayejijengea nyumba huuliza maswali kabla ya kumlipa fundi.

Asije mtu akatusingizia kwamba sisi ni maadui wa michezo. Wenyeji wa Mwanza wenye umri mkubwa bado wanasimulia mwezi wa Agosti 1974, Simba na Yanga walipokuja kukutana katika kiwanja cha Nyamagana, na Yanga ikatoka na ushindi wa mabao 2 kwa 1. Wanasimulia pia mwaka 1990, timu ya Pamba ilipotwaa ubingwa wa Muungano na kuonyesha kwamba kombe laweza kukaa mbali na Dar es Salaam. Timu hiyo ilipotea katika Ligi Kuu kwa miaka zaidi ya ishirini, na iliporudi mwaka 2024 furaha iliyoonekana mjini haikuwa ya kununuliwa. Mpira huwakusanya mvuvi na karani, Mkristo na Mwislamu, Msukuma na Mhaya, Mkerewe na Mjita, wote wakaketi ubao mmoja. Taifa lisilo na mambo ya namna hiyo ni taifa maskini, hata likiwa na dhahabu.

Basi hatubishani juu ya thamani ya michezo. Tunalotaka ni hesabu.

Hesabu ya kwanza ni ile inayosema kwamba kiwanja huleta fedha mjini na hivyo hujilipa chenyewe. Maneno haya hurudiwa kila mahali panapotafutwa fedha za kujenga. Wachumi wa Marekani, ambako miji imetumia kodi kwa viwanja kwa miaka mingi kuliko kwetu, wamelichunguza jambo hili, na wengi wao wamefikia jibu moja: ni mara chache sana kiwanja kurudisha kwa mji kodi iliyokijenga. Sababu yake haihitaji elimu ya chuo kikuu. Fundi seremala wa Pasiansi aliye na shilingi 5,000 za kujiburudisha Jumamosi, akizitoa mlangoni kwa tiketi, hatazitoa tena kwa samaki wa kukaanga jioni. Fedha ile ile imehama kutoka mfuko mmoja wa Mwanza kwenda mfuko mwingine wa Mwanza, na mji haukuongezewa kitu. Fedha mpya ni ile anayoileta mtu wa Bukoba, wa Musoma, wa Geita au wa Shinyanga, akalala hapa, akala hapa, akapanda bodaboda hapa. Hiyo ni fedha ya kweli, nasi twaikaribisha, maana mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini wageni hao huja siku ngapi katika mwaka?

Hilo latufikisha kwenye hesabu ya pili. Ligi Kuu yetu ina timu 16. Kila timu, basi, hucheza nyumbani mara 15 kwa msimu mzima. Tuseme timu mbili zitumie kiwanja kimoja. Ni siku 30. Tuongeze mechi za makombe, mikutano ya hadhara na sherehe za kitaifa, tufike siku 50. Zinabaki siku zaidi ya 300 ambazo majukwaa ni makao ya ndege na mlinzi anasinzia getini. Kiwanja kipya cha Arusha, kilichoanza kujengwa mwaka 2024 kwa ajili ya watazamaji 30,000, kilitangazwa kuwa na gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 280. Gawanya mwenyewe, ewe msomaji: ni zaidi ya shilingi milioni 9 kwa kila kiti kimoja. Kwa upande mwingine, Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 liligharimu zaidi ya shilingi bilioni 700. Lakini daraja hilo halisubiri ratiba ya ligi. Usiku na mchana hupitisha mgonjwa, pamba, ng'ombe na mwanafunzi. Hatusemi kwamba Arusha wamekosea, kwa kuwa nchi iliyoahidi kupokea wageni haina budi kuwa na mahali pa kuwapokea. Twasema tu kwamba bilioni za kiwanja na bilioni za daraja hazifanyi kazi kwa saa sawa, na mpangaji wa mipango lazima alijue hilo. Mwalimu Nyerere mwaka 1969 aliwahutubia wajumbe wa TANU juu ya jambo hili hili, la kwamba kupanga ni kuchagua, na hotuba ile haijazeeka.

Hesabu ya tatu ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, nayo ni ya matunzo. Utepe ukishakatwa na wapiga picha wakaondoka, kiwanja huanza kula. Hula umeme, hula maji ya nyasi, hula mishahara, hula rangi na mabomba. Kiwanja chetu kikuu cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 2007 kwa fedha zetu na msaada mkubwa wa China, na ambacho tangu mwaka 2020 chaitwa kwa jina la marehemu Rais Benjamin Mkapa, hubeba watu 60,000 na ni fahari ya nchi. Hata hivyo, mwezi wa Aprili 2023, Yanga ilipokuwa ikicheza na Rivers United ya Nigeria katika mashindano ya Afrika, taa zilizimika na dunia ikatutazama tukiwa gizani. Mwaka huo huo matengenezo makubwa ya mabilioni yakaanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa kiwanja si wa matofali mia mbili.

Wengine wametangulia kuonja haya. Mji wa Montreal, nchini Kanada, ulijenga kiwanja cha Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1976, na deni lake likamalizika kulipwa mwaka 2006, kwa msaada wa kodi maalumu ya tumbaku. Kijana aliyekuwa mvutaji wakati mashindano yakifanyika aliendelea kulipia kiwanja hadi akawa mzee. Huko Brazili, kwa Kombe la Dunia la mwaka 2014, mji wa Manaus katikati ya misitu ya Amazon ulijengewa kiwanja cha watu zaidi ya 40,000. Zikachezwa mechi nne. Baada ya hapo zikabaki timu za mji ambazo mashabiki wake hawajazi hata pembe moja. Na tusiende mbali. Jirani zetu wa Kenya walinyang'anywa mwaka 2017 uenyeji wa mashindano ya CHAN ya mwaka 2018 kwa sababu viwanja vilivyoahidiwa havikuwa tayari, yakapelekwa Morocco. Walipopata nafasi tena pamoja nasi na Uganda, mashindano yakafanyika Agosti 2025. Na kwa ajili ya kiwanja kipya cha Talanta mjini Nairobi, Wakenya waliamua kukopa kwa hati fungani ya miaka 15, zipatazo shilingi bilioni 44 za kwao. Mtoto aliyezaliwa Nairobi mwaka ule wa kukopa atakuwa kidato cha pili ndipo deni litakapokwisha. Huenda likawa jambo la busara. Wenyewe ndio watakaohukumu. Kwetu sisi ni fundisho kwamba hakuna kiwanja cha bure, yupo tu anayelipa leo na anayelipa kesho.

Sasa tuje nyumbani, mahali ambapo neno letu litawagusa walio karibu nasi zaidi.

Mwanza ina viwanja viwili vinavyojulikana. Cha kwanza ni Nyamagana, katikati ya mji, mali ya Halmashauri ya Jiji. Ni kidogo, lakini kiliwekwa nyasi bandia kwa msaada wa FIFA na mchango wa Jiji, na vijana wanakitumia. Cha pili ni Kirumba, kilicho katika Manispaa ya Ilemela, kikubwa kuliko cha kwanza, kinachoweza kubeba watu zaidi ya 30,000. Hiki ni mali ya Chama. Kilifunguliwa mwaka 1980, miaka mitatu baada ya TANU na Afro-Shirazi kuungana tarehe 5 Februari 1977. Zama hizo nchi ilikuwa na Chama kimoja, nacho ndicho kilichoshika hatamu. Mwananchi alipotakiwa mchango kwa jambo la maendeleo hakuulizwa kama ana kadi. Wala hakuna aliyeona haja ya kuuliza mfuko wa Chama unakoma wapi na mfuko wa Serikali unaanzia wapi. Mwaka 1992 vyama vingi vikarudi. Serikali na Chama vikatengana kwa sheria, lakini viwanja vya namna hii, Kirumba na vingine katika mikoa mingi, vikabaki katika mikono ya Chama.

Tangu hapo wapinzani wetu wamesema mara nyingi kwamba viwanja hivyo virudishwe kwa umma. Wenzetu katika Chama wamejibu kwamba ni mali halali ya Chama, iliyotunzwa na Chama. Hatukusudii leo kuikata daawa hiyo katika ukurasa huu. Lakini hatuwezi kufumba macho tukajifanya kwamba haipo. Maana siku shilingi ya kwanza ya kodi itakapoingia Kirumba kununua nyasi, viti au taa, daawa hiyo itageuka kutoka maneno ya jukwaani kuwa jambo la hesabu. Shilingi hiyo itakuwa imetoka kwa mwanachama wetu, na kwa asiye mwanachama, na kwa yule anayetupinga. Mlipa kodi hana rangi ya fulana.

Jambo lenyewe si la kubuni. Timu ya Pamba, iliyorudi Ligi Kuu mwaka 2024, ilirudi ikiwa chini ya Halmashauri ya Jiji la Mwanza, hata jina ikaongezewa neno Jiji. Ikafanya Kirumba kuwa nyumbani kwake. Tazama basi jinsi mambo yalivyofungamana: timu inayoendeshwa na halmashauri, yaani na mapato yanayotoka kwa wananchi, hucheza katika kiwanja cha Chama, kilicho katika eneo la manispaa nyingine. Mpangaji yupo, mwenye nyumba yupo, na mwenye mtaa yupo. Haya yote yaweza kwenda vizuri kabisa, kama yameandikwa na kila mwenye haki anajua haki yake. Yasipoandikwa, huanza kwa ukarimu na kuishia kwa ugomvi, kama shamba la marehemu lililoachwa bila wosia.

Kwa hiyo twasema hivi. Chama chetu kina njia tatu zilizonyooka mbele yake kuhusu Kirumba na viwanja vinavyofanana nacho.

Njia ya kwanza ni kukishika kama mali yake na kukitunza kama mali yake, kwa viingilio, kwa kodi ya pango, kwa matangazo, na kwa harambee ya wanachama, bila kunyoosha mkono Hazina. Njia hii ni ya heshima.

Njia ya pili ni kushirikiana na umma kwa mkataba. Serikali au halmashauri itoe fedha, nayo ipewe kwa maandishi haki zinazolingana na fedha hizo: miaka ya kukitumia, sehemu ya mapato ya mlangoni, siku za shule na za timu za mitaa, na kauli ya wazi juu ya yatakayofuata mkataba ukiisha. Mkataba huo usomwe katika baraza la madiwani milango ikiwa wazi, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali aweze kuifuata kila shilingi mpaka mahali ilipolala.

Njia ya tatu ni kukikabidhi kwa halmashauri, Chama kikabaki na heshima ya jina na ya historia, na wananchi wote wakabaki na kiwanja.

Iko pia njia ya nne, ya kuchukua fedha za wote na kubaki na hati ya mmoja. Hiyo hatuioni kuwa ni njia. Tulifundishwa kwamba cheo ni dhamana. Na mali iliyojengwa kwa jasho la wengi nayo ni dhamana. Tunaosema haya ni gazeti la Chama, na kwa sababu hiyo hasa twapaswa kusema. Rafiki wa kweli humwambia mwenzake kwamba nguo imechanika kabla hajatoka nje. Adui hungoja amfikishe sokoni ndipo amcheke.

Tukishaweka sawa suala la mwenye mali, liko suala la mtumiaji. Mwanza ni mji wa mawe. Nyumba zimepanda vilima mpaka juu ya majabali, na ardhi tambarare ni adimu kama kivuli adhuhuri. Kila mwaka maeneo ya wazi yanamegwa: leo kibanda, kesho ukuta, keshokutwa hati imetolewa. Mtoto wa Mabatini anayecheza chandimu kwa mpira wa makaratasi hana mahali ila njia ya bodaboda. Msichana anayependa netiboli ana mahali pachache zaidi, kwa sababu hata pale palipobaki, wavulana wamefika kwanza. Tunapozungumza juu ya kutumia kodi kwa michezo, mtoto huyo ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza katika orodha, wala si kiti cha mgeni rasmi.

Tukumbuke mabingwa wetu walivyopatikana. Filbert Bayi alipoweka rekodi ya dunia ya mbio za mita 1,500 mwaka 1974 kule Christchurch, hakuwa zao la kiwanja cha mabilioni. Alphonce Simbu aliyetwaa ubingwa wa dunia wa mbio ndefu mjini Tokyo mwaka 2025 alifanya mazoezi yake barabarani. Mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu yamewakusanya Wasukuma kwa maelfu, kizazi baada ya kizazi, katika uwanja mtupu usio na hata kiti kimoja, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba burudani ilipungua. Twayasema haya si kwa kuwakataza watu majukwaa, bali kwa kuonyesha kwamba fedha kidogo iliyowekwa chini, penye udongo, huzaa kuliko fedha nyingi iliyowekwa juu, penye paa.

Kwa fikira zetu, basi, mpangilio wa haki kwa Kanda ya Ziwa ungekuwa huu. Kwanza, kila kata ya Nyamagana na Ilemela ipimiwe kiwanja chake, kiwe na hati kwa jina la halmashauri, kisimilikishwe mtu. Pili, viwanja vya shule visawazishwe na vilindwe, kwa sababu michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA ndiyo kitalu cha vipaji, na kitalu kisichomwagiliwa hakitoi miche. Tatu, Nyamagana, ambacho tayari ni mali ya umma, kiongezewe majukwaa, vyoo na taa. Nne, baada ya hayo, na baada ya mkataba kusainiwa, ndipo iangaliwe Kirumba. Na kiwanja kipya kabisa kikitakiwa siku moja, kijengwe pale ambapo mfuko wa kukitunza umetengwa kabla ya msingi kuchimbwa. Wasomaji wetu waliopita shule za misheni wanakijua kisa cha mjenzi wa mnara aliyeanza bila kuhesabu gharama, akaishia kuchekwa na wapita njia.

Fedha zitatoka wapi? Hapa pia tuna neno. Katika bajeti ya mwaka 2021/22 Serikali iliamua kwamba asilimia 5 ya mapato ya kodi ya michezo ya kubashiri matokeo iende katika Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Uamuzi huo ulikuwa mwema. Kila mtu anajua fedha hizo hutoka kwa nani: ni vijana wa Igogo, Kirumba na Mabatini wanaosimama vibandani na mikeka yao mkononi, wakitumaini kupata kwa dakika 90 wasichokipata kwa mwezi. Wengi wao hupoteza. Ni haki basi kwamba sehemu ya walichokipoteza iwarudie katika sura ya kiwanja cha kata, mpira wa ngozi, na mwalimu wa michezo anayelipwa. Ikipanda yote kwenda kwenye majukwaa ya miji mitatu, tutakuwa tumemtoza kijana mara mbili: mara ya kwanza kibandani, na mara ya pili mlangoni kwa tiketi.

Na kabla ya yote haya kuna mambo ambayo mji wa ziwani hauruhusiwi kuyasahau. Pale Igoma yapo makaburi ya ndugu zetu wa MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 karibu kabisa na kufika Mwanza. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere nacho kikazama hatua chache kutoka gati ya Ukara. Mamia kwa mamia ya watu walikufa katika misiba hiyo miwili. Kodi ina kazi yake ya kwanza, nayo ni kulinda uhai: chombo imara majini, maji safi mlimani, dawa zahanatini. Kiwanja ni kitu chema, lakini ni kitu kinachofuata. Diwani anayepiga kura ya kutenga fedha za majukwaa, ajiulize kwanza kama boti ya uokoaji ina mafuta.

Kwa hiyo twawaambia wafanyakazi: kodi yenu hukatwa kabla hamjaishika, basi msikubali itumike kabla hamjaisikia. Nendeni katika mikutano ya mitaa, ulizeni gharama, ulizeni mwenye hati, ulizeni nani atalipa umeme mwaka wa kumi. Twawaambia madiwani: hesabu za viingilio zibandikwe ubaoni kila baada ya mechi, ili mama wa Mwaloni azione akiwa njiani kurudi nyumbani. Na twawaambia wanachama wenzetu: Chama hakitapungukiwa kitu kwa kuweka mkataba wa Kirumba mezani. Kitakachokipunguza ni kuukataa.

Watu wa Ziwa wana haki ya kutaka kiwanja kizuri. Haki hiyo tunaiunga mkono kwa moyo wote. Lakini kitakapojengwa kwa jasho lao, mlango wake ufunguliwe kwao wote, na jina lililo katika hati liwe jina lao.